Kazi ya Bustani

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na jembe. Sisemi kwa mfano. Lilikuwa jembe la mpini mrefu, mume wa mama mdogo alikuwa amelinoa jioni iliyotangulia, nami nikalibeba begani kutoka Mkomaindo hadi nje ya mji wa Masasi, kanga ya pili nimejifunga kiunoni na chupa ya maji mkononi. Nilikuwa nimeambiwa kuna mahali wanatafuta mhudumu wa bustani. Kwetu Newala bustani ni ya mchicha, bamia na nyanya, na mtu akikwambia ana bustani, swali la kwanza ni maji anayapata wapi. Sikuuliza zaidi. Nilijua nakwenda kulima.

Nilimwamkia mzee wa langoni. Aliitika marahaba, akanitazama, akalitazama jembe, akasema, "Binti, umekuja kumzika nani?"

Nyuma yake niliona mabanda ya wavu yamepangwa chini ya miamba, nyani wawili wakichaguana chawa, kobe akivuka njia bila haraka, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya kijani kwamba hii ni bustani ya wanyama na watoto wasirushe mawe. Mwenye bustani, bwana mmoja mstaafu aliyemaliza ujana wake porini akilinda wanyama, alitoka ofisini. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama naogopa fisi. Nikasema siogopi, na nilisema kwa hasira tu, kwa sababu mzee wa langoni alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko. Mimi ndivyo nilivyo. Ukinicheka sirudi nyuma hata kama mbele kuna shimo. Mama alizoea kusema ubishi wangu utaniozesha kwa simba. Alikosea mnyama tu.

Tatizo ni kwamba jioni ile ya kunoa jembe nilikuwa nimeshampigia mama simu. "Mama, nimepata kazi ya bustani." Alipiga kigelegele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mama alinisomesha kwa mikorosho aliyoachiwa, akipalilia peke yake, akiokota peke yake. Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha kufungia karanga. Kwa hiyo kazi ya bustani, kwake, ilikuwa jambo la kusimuliwa. Kesho yake alilisimulia kwenye foleni ya maji, na kabla ndoo yake haijajaa mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba binti yake analima mboga Masasi kwa mshahara.

Nilikusudia kumweleza wiki ileile. Lakini ningeanzia wapi? Kwetu fisi si mnyama wa mazungumzo. Fisi ni usafiri wa wachawi. Fisi hufugwa na mtu fulani ambaye kila mmoja anamjua na hakuna anayemtaja. Mama hata jina lake halitamki, husema "yule wa usiku", na nilipokuwa mtoto, niliwahi kulitaja tukiwa tumezunguka sinia, akanipiga kofi na ugali ukamwagiwa kuku. Leo nimpigie simu mwanamke huyo nimwambie kwamba kila asubuhi nampelekea yule wa usiku kifungua kinywa? Nilimwambia bustani haijambo. Wiki zikawa miezi, na kila mwezi uliopita uliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kuubeba.

Yeye akaanza kuniletea mbegu. Zilikuja na basi la asubuhi kutoka Newala, zimefungwa kwenye vipande vya kanga kuukuu, kila fundo na maelekezo yake niliyosomewa kwenye simu: hizi bamia, loweka kwanza, hizi maboga, usizibananishe, hizi kunde, ngoja mvua ya pili. Nilijaribu. Nililima kipande nyuma ya stoo, angalau lile jembe lipate kazi, lakini kanga wa bustani walikuwa wanatoka bandani mwao kila siku na hawakuniachia hata jani. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nilikwenda sokoni Masasi, nikachagua bamia changa, nikampelekea mama na basi la kurudi nikisema zimetoka bustanini kwangu. Aliniambia hajawahi kula bamia tamu namna ile. Aliwagawia majirani. Basi nikawa nampelekea kila mara.

Na kazi yenyewe, kwa kweli, niliipenda kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa wahudumu wawili, mimi na kaka mmoja wa Kimakua kutoka Lukuledi, mpole, aliyenitania kwamba Wamakonde tunakula kila kinachotembea na kwamba mwenye bustani amempa fisi bucha alinde. Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Kwanza unapita banda kwa banda kabla ya kushika chochote, unaangalia tu: nani amelala vibaya, nani hajamaliza chakula cha jana, kinyesi cha nani kimelainika. Unaandika kwenye daftari. Halafu mabakuli, ufagio, maji. Chatu wiki nzima hataki kitu. Nyani wanataka kila kitu, na usipowapa wanakutupia walichonacho. Mwenzangu alishika wanyama wa majani na ndege, mimi nikashika wala nyama, kwa sababu siku ya kwanza nilisema siogopi na mtu hawezi kulimeza neno lake mbele ya Mmakua.

Fisi alikuwa ameletwa siku chache kabla yangu, akiwa mdogo bado. Wakulima walikuwa wamefukua shimo kwenye shamba jipya, mama yake ameshakimbia au ameshauawa, hakuna aliyesema vizuri, na walikuwa wanakusanya majani makavu wamchome. Mwenye bustani aliwahi. Fisi alikuwa mweusi mwili mzima, bila doa hata moja, macho wazi na meno tayari kinywani. Nilimnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa, akaitafuna chuchu ya mpira, tukanunua nyingine, akaitafuna nayo. Alinifuata kisigino kwa kisigino nikifagia. Madoa yalimtoka taratibu, shingo ikamjaa, na mwaka mzima tulimhesabu dume mpaka daktari wa mifugo alipokuja akatucheka wote, mwenye bustani akiwemo. Kumbe jike.

Alipokua hatukuingia tena alipo. Banda lake lina chumba cha ndani na uwanja wa nje, na katikati mlango wa chuma unaoshushwa kwa mnyororo. Ukitaka kusafisha uwanja, unamwita aingie chumbani, unashusha mlango, unafunga kufuli, unamtazama kwa macho yako kwamba yumo, ndipo unafungua geti la nje. Hakuna kumswaga wala kumrushia mawe. Ni sauti yako tu na ndoo yako ya mapupu, mapafu ya ng'ombe. Mnyama asipotaka kuja, kazi imesimama, na hapo ndipo mwenye bustani alipokuwa akisema mhudumu anajulikana kwa jinsi anavyoitikiwa.

Watu walikuja na maneno yao. Bwana mmoja aliyevaa shati safi kabisa aliniomba nywele za mkia wa fisi, chache tu, akasema ni za mgonjwa. Nilimwambia aingie akazichukue mwenyewe, geti ninalo ufunguo. Wengine walitaka kinyesi, kile cheupe kinachotokana na mifupa. Jirani yangu mmoja alianza kuhamisha ndoo yake kila nikiweka yangu kando. Niliwajibu wote, na vibaya. Lakini watoto wa shule walipokuja, wakabana pua, wakapiga kelele, halafu wakanyamaza nilipoanza kuwaeleza kwamba fisi jike ndiye mkubwa wa ukoo na wengine wote hula baada yake, nilikuwa natazama nyuma ya vichwa vyao, mahali ambapo mtu mzima angesimama, na nilikuwa namtafuta mama. Nilitaka aone. Nilitaka asimame pale na kanga yake ya kutokea, asikie binti yake akiulizwa maswali na mwalimu, na aone kwamba yule wa usiku mchana hulala chali kivulini miguu imekunjana na nzi wanamsumbua puani.

Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilifika mwisho mwaka wa nne. Lilikuja lori na wanafunzi wa Newala, na aliyeteremka mbele alikuwa mwalimu wa mtaani kwetu. "Dada! Kumbe ndiyo bustani yenyewe hii!" Alicheka, akanipiga picha nikiwa na ndoo, fisi kasimama nyuma yangu kwa miguu miwili akishika wavu. Nilimwomba asimwambie mama kabla yangu. Aliahidi. Nilikuwa nimepanga kupiga simu jioni ile, na nilipopiga, mama hakupokea. Picha ilikuwa imefika kwenye foleni ya maji kabla ya simu yangu.

Alinipigia siku ya tatu. Hakunisalimu.

"Nkono huo," alisema, kwa lafudhi yake ya uwanda wa Wamakonde ambayo hakuwahi kuificha, "nkono unaonletea yule chakula, ndio huohuo ulioniletea mimi bamia?"

Nilimwambia bamia zilikuwa za sokoni. Nilidhani hilo litamfariji. Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akimpigia hodi na yeye hakuitika.

"Basi hata bamia hazikuwepo," akasema, akakata.

Hakunikataza kuja nyumbani. Mama si mtu wa kufukuza watu. Idi ilipofika nilipanda Newala na mchele na nyama, nikapika pilau tangu alfajiri, na nilipoandaa sinia alisema amefunga, anazikamilisha Sita za Shawali. Siku ya Idi yenyewe, ambayo kufunga ni haramu, na yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Sikumbishia, aibu yake ilikuwa inatosha. Nilirudi tena msimu wa korosho. Nilipika kisamvu cha nazi, akasema tumbo. Nilirudi mara ya tatu, akasema jino. Alikuwa ananiuliza habari za afya, ananifungulia mlango, ananitandikia kitanda, lakini chakula nilichokigusa hakikupita mdomoni mwake, na sufuria niliyoitumia aliisugua kwa majivu mara mbili wakati anadhani sioni. Siku moja niliikuta kanga niliyomletea imetundikwa nje juu ya uzio. Alisema inanuka. Ilikuwa mpya, haijawahi kuvaliwa na mtu yeyote. Nilikaa njia nzima ya kuteremka Masasi nikinusa mikono yangu.

Ningeweza kuacha kazi. Mama mdogo aliniambia hivyo, na mchumba niliyekuwa naye wakati ule aliniambia hivyo, kisha akaacha kusema akaniacha mimi. Kazi mbaya si mchezo mwema, na hii wala haikuwa mbaya. Nilikuwa naijua. Nilikuwa hodari. Nilitaka vyote viwili, ndoo yangu na mama yangu, na sikuona kwa nini mtu achague. Nilimwambia mara nyingi kwa simu, "Mama, njoo Masasi siku moja uone." Alijibu kila mara, "Nitaona nini mimi, mwanangu, na macho haya."

Na kweli macho yalikuwa yanakwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kwa kumwaga chumvi nje ya chungu, mwishowe akawa anapapasa ukuta kwenda uani. Miaka miwili baada ya ile picha, tulipata habari kwamba pale hospitali ya Mkomaindo wanapasua macho ya wazee, nikampandia Newala nikamleta. Alikuja na kifurushi cha nguo na mfuko mwingine aliokataa kunipa niubebe. Ndani yake kulikuwa na unga wake, chungu chake kidogo, mwiko na sahani.

Nilikuwa na chumba kimoja na kibaraza. Nilikaa kitandani nikamtazama mama yangu akipika ugali wake kwa kupapasa, akichungulia moto kwa uso mzima, nami mwenye macho mazima nimekunja mikono. Nilijitolea kumsongea. Alisema, "Pumzika, umetoka kazini." Alisema kwa upole kabisa. Ningependa angenitukana.

Walimpasua jicho la kulia asubuhi. Walilifunika kwa pamba na plasta wakasema tulale, kesho saa nne turudi kufunguliwa, na asikaribie moshi. Kwa hiyo hakuweza kupika. Nikaona sasa hana njia. Nilipowasha jiko alimwita jirani, yule mwenye kuhamisha ndoo, akamwomba kwa heshima zote amsaidie mgonjwa sahani ya wali. Jirani alileta. Mama alikula nimekaa mbele yake.

Kesho yake, tukiwa tunajiandaa kwenda kufunguliwa, mwenzangu wa Lukuledi alinipigia. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku nne, na kwa siku tatu fisi alikuwa amemgomea. Anamwita, anamgeuzia mgongo. Uwanja haujasafishwa, chakula hakijaguswa, na saa tatu na nusu shule inafika. "Dada, njoo mara moja tu umwingize ndani, halafu uende zako." Nilimwangalia mama. Bajaji ilikuwa imeshafika mlangoni. Nilimwambia ukweli, nilikuwa nimejifunza: tutapita kazini kwangu kidogo, kisha hospitali.

"Nitakaa nje," mama alisema. "Ndani siingii."

Nilimkalisha kwenye benchi pale langoni, jicho moja limefungwa, jingine lina ukungu mweupe, mkoba wake mapajani. Mzee wa langoni alimwamkia, wakaanza kuulizana habari za korosho. Mimi nikaingia.

Fisi alikuwa amejilaza pembe ya mwisho ya uwanja, amenipa kisogo. Alinisikia, masikio yalimcheza, lakini hakuinuka. Alikuwa amenuna. Nilishika mnyororo, nikagonga ndoo, nikamwita kwa jina nililokuwa namwita tangu tulipojua kwamba ni jike, jina ambalo sisi tunamwita kila mtoto wa kike tunayempenda, hata kama bado anatambaa.

"Mama! Njoo, mama!"

Hakugeuka. Nikapaza sauti.

"Njoo, mama, mimi hapa. Nimekuja mwenyewe. Nimekukosea nini? Mbona hutaki kula? Mimi nakuwekea chakula, wewe hutaki kula, kwa nini, mama? Siku zote hizi nakungoja. Usinifanyie hivyo. Njoo ule, mamaangu. Njoo."

Sauti ilikuwa imeshaanza kunikatika, na sikujua kwa nini. Mnyama kununa ni jambo la kawaida, nimeshamwona akinuna mara nyingi. Nilikuwa nalia kwa sababu ya fisi, nikijifuta pua kwa mkono ulioshika mnyororo. Halafu nikamsikia mzee wa langoni akisema, "Subiri, bibi, subiri nikushike," na nikasikia ndala kwenye kokoto.

Mama alikuwa anakuja. Alikuja katikati ya njia, mikono imetangulia mbele, kanga moja imemdondoka inaburuzika, amewapita nyani, amempita kobe, anaifuata sauti.

"Nakuja, mwanangu," alisema. "Usilie. Nakuja. Nimekusikia."

Sikuweza kuuachia mnyororo. Alifika mpaka kwenye kizuizi cha wageni, akakigusa, akakishika kwa mikono yote miwili. Alikuwa anahema.

"Umesema nije nile. Nimekuja. Kiko wapi chakula chenyewe?"

Ndoo ilikuwa miguuni mwangu, na mapupu ya ng'ombe ndani yake. Mwenzangu alikuwa amesimama kando na ufagio, mdomo wazi. Alikuwa anajua vizuri nilikuwa namwita nani. Alinitazama, nikamtazama, akainamisha kichwa akaanza kufagia mahali palipokuwa safi, na kwa hilo nimemsamehe utani wake wote.

Ningeweza kusema: si wewe, mama. Ilikuwa sentensi fupi sana.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Nilikuita. Chakula kiko nyumbani. Nitakupikia tukirudi."

"Haya," akasema. "Utapika, nitakula."

Fisi alikuwa ameinuka. Harufu ya mtu mgeni ilimleta taratibu, kichwa chini, mpaka kwenye wavu mkabala na mama, hatua mbili tatu kati yao. Akavuta pumzi kwa nguvu kama anavyofanya kila anapojuana na mtu.

"Nani anahema hapo?"

"Ndiye, mama."

Niliona vidole vyake vikikaza kwenye kizuizi. Midomo ilimcheza, anasoma kitu kimoyomoyo. Nilijua akirudi nyuma sasa, atarudi mpaka Newala. Hakurudi.

"Nkubwa?"

"Mkubwa kiasi."

"Ananuka."

"Ananuka, mama."

Walikaa hivyo wakinusana, jicho moja la ukungu na macho mawili ya fisi, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha mama akaokota kanga yake kwa kupapasa, akaikung'uta. "Mwambie basi nnyama wako aingie kwake, tunachelewa hospitali."

Hapo nikakwama, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa moja na sikuweza kulitamka tena mbele yake. Nilipiga mluzi. Fisi akanitazama kwa mshangao. Niligonga ndoo, nikasema "hewala, hewala," nikasema "haya twende," maneno ambayo hajawahi kuyasikia kwangu. Mwishowe nililirusha pafu zima chumbani, akalifuata kwa heshima yake tu, mlango ukashuka, nikafunga kufuli. Mwenzangu alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Walimfungua jicho saa nne na nusu. Aliutazama mlango, akamtazama nesi, akanitazama mimi, akachukua mikono yangu akaigeuza akahesabu makovu. Hakusema kitu kuhusu makovu. Mchana nilisonga ugali, nikapika mboga ya maboga kwa karanga, nikaweka mbele yake. Alinawa. Alisema Bismillahi, akamega tonge kubwa, akala mpaka sahani ikabaki nyeupe, kisha akaniuliza kwa nini nimeweka chumvi kidogo.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alikula kwangu kila alipokuja na kila nilipokwenda, na kule kwenye foleni ya maji alijisimulia mwenyewe: mwanangu aliniita akilia, nikaingia, yule wa usiku akasimama mbele yangu sikukimbia. Wanawake walimpa nafasi ya mbele. Sikumwambia kamwe. Kila neno alilolisikia siku ile lilikuwa lake kabla sijampa fisi, nililihifadhi miaka miwili nikakosa pa kulisemea, na sijui mpaka leo kama nilimdanganya au kama siku ile ndiyo pekee niliyomwambia kweli tupu.

Mwaka juzi tulimzika, Newala, upande wa mikorosho yake. Nilirudi kazini siku ya nane. Fisi amezeeka, meno yameisha makali, na mlango wa chuma umebadilishwa mnyororo. Kila asubuhi nasimama palepale na kuita, "Mama, njoo, njoo ule," naye siku hizi haringi, anakuja mara ya kwanza tu. Lakini mimi huita mara ya pili. Anakuwa ameshaingia, amekaa ananitazama, mlango bado uko juu, nami naita tena, kwa sauti ya kufika langoni, halafu nasikiliza njia.